Mchango Wako Una Jina Gani?
Somo la fiqhi kwa anayechangisha mtaji mtandaoni



 

Ndugu msomaji, kila muhula hutokea mwanafunzi mwenzetu mwenye wazo la biashara na mfuko mtupu. Mmoja anataka kufuga kuku, mwingine kukamua juisi ya maracuja, mwingine kuuza hijabu. Siku hizi jibu la haraka ni moja: "Fungua grupu la WhatsApp, watu wachange." Ni jibu zuri, na mimi mwenyewe nimelifuata. Lakini kuna swali nililolipuuza kabla ya kutuma ujumbe wa kwanza, na kosa hilo karibu livunje undugu katika ukoo wetu. Naliandika hapa kama somo, ili wewe ulijibu mapema.

1. Yaliyotufika Giheta

Kwetu ni Giheta, karibu na mji wa Gitega, ambayo wengi huijua kwa ngoma za Gishora. Dada yangu mkubwa ni mshonaji. Mumewe alipofariki alimwachia watoto watatu na cherehani moja kuukuu, ambayo ilishona siku mbili na kulala kwa fundi siku tatu. Kazi ilikuwepo, kwa sababu wazazi wanataka sare za watoto kabla shule hazijafunguliwa Septemba na wanawake wanataka hijabu kabla ya Idd. Kilichokosekana ni vifaa.

Mwishoni mwa 2022 tulikaa na dada tukapiga hesabu. Cherehani mbili za kukanyaga kwa miguu, faranga 900,000. Mashine ya ovaloki, ile inayokamata pindo ili nguo isifumuke, faranga 500,000. Kodi ya chumba karibu na soko kwa miezi mitatu, faranga 120,000. Vitambaa na nyuzi, faranga 280,000. Jumla faranga 1,800,000. Sikuwa hata na ya nauli, lakini nilikuwa na simu. Nikaandika hivi:

"Ndugu zetu, tunaomba mchango wenu ili dada yetu afungue karakana ya ushonaji. Kila atakayechangia, faida yake ataiona, in shaa Allah."

Niliuona ujumbe mzuri, wenye adabu na wenye kumtaja Allah. Niliupeleka kwa majirani, kwa wanafunzi wenzangu, kwa jamaa wa Muyinga na kwa kaka yetu, mtoto wa baba mkubwa, anayeishi Kanada. Ndani ya wiki sita watu 41 walituma faranga 1,340,000. Kati ya hizo, faranga 620,000 zilitoka kwa kaka peke yake: alituma dola 300 na dada akapokea faranga. Tukanunua cherehani mbili, tukalipa kodi, tukanunua vitambaa, na 40,000 zilizobaki zikaisha kwenye usafiri na matengenezo ya mlango. Ovaloki hatukuipata.

Karakana ilikwenda vizuri. Kisha, baada ya Idd ya kuchinja ya 2023, kaka akapiga simu. Baada ya salamu aliuliza kwa upole, "Sasa hisa yangu inazalisha kiasi gani?" Dada alishtuka. Yeye siku zote alimwombea dua kaka kwa sadaka yake. Wiki hiyohiyo mama mmoja wa jirani, aliyekuwa ametuma faranga 15,000, akaja kuuliza sare ya mwanawe itakuwa tayari lini, kwa kuwa "amekwisha kulipa". Na rafiki yangu mmoja akauliza kwa nini hakuiona ovaloki tuliyoitaja.

Ujumbe wangu ulikuwa mmoja, na watu waliusoma kwa namna nne. Nilijiuliza nani kati yao amekosea, na nikaona hakuna hata mmoja. Kosa lilikuwa la mwandishi.

2. Uchangishaji wa mtandaoni ulivyo

Kuchanga si jambo geni kwetu. Warundi wana ikibiri, ambapo majirani hulima shamba la mmoja wao kwa pamoja. Waswahili wana upatu. Wakenya wana harambee. Mtandao umeongeza mambo mawili: unakufikisha kwa watu usiowaona, na unakusanya fedha kidogokidogo kutoka kwa wengi. Hilo la kutowaona ndilo linaloleta haja ya maneno yaliyo wazi.

Mfano mmoja mkubwa ulianzia hapa jirani. Mwaka 2005 Matt Flannery na Jessica Jackley wa Marekani waliweka mtandaoni habari za wafanyabiashara wadogo saba wa Tororo, Uganda, na watu wakawakopesha jumla ya dola 3,500. Huo ndio mwanzo wa Kiva, jina ambalo waanzilishi walisema wamelitoa katika Kiswahili kwa maana ya makubaliano au umoja. Mtu huweza kukopesha kiasi kidogo, na akirudishiwa hapati nyongeza yoyote.

Hapa mwanafunzi wa fiqhi asiharakishe kusema, "Basi hakuna riba." Kwa kawaida fedha za Kiva humfikia mkopaji kupitia taasisi ya mikopo midogo ya nchini kwake, na nyingi ya taasisi hizo humtoza riba. Mkopeshaji hali riba, lakini mkopaji anailipa. Anayetaka kuingia lazima asome mkataba wa taasisi inayompa fedha mkononi.

Kiva ina somo jingine. Mwaka 2009 mtafiti David Roodman alionyesha kuwa mara nyingi mtu unayemwona kwenye picha huwa amekwisha kupewa mkopo wake na taasisi kabla wewe hujabonyeza kitufe, na kwamba fedha yako huenda kujaza nafasi ya ile iliyotolewa. Kiva ikarekebisha maelezo yake. Utaratibu wenyewe ulikuwa na sababu zake za kikazi. Kilichowaudhi watu ni pengo kati ya walichodhani wanafanya na kilichofanyika hasa. Ndilo pengo lile lililotokea Giheta kwa dola 300.

Mifano mingine ni hii. Kickstarter ilianza mwaka 2009. Mwenye wazo huweka lengo na muda, na lengo lisipofikiwa hakuna anayekatwa fedha. Anayechangia kwa kawaida huahidiwa bidhaa yenyewe ikishatengenezwa. Mwaka 2012 Kenya ilipata M-Changa, ambayo imeipeleka harambee kwenye simu. Mwaka 2013 Waislamu wa Marekani walianzisha LaunchGood huko Detroit kwa ajili ya miradi ya Waislamu. Malaysia iliweka kanuni za kuchangisha mtaji kwa hisa mwaka 2015, ili mwenye kampuni ndogo aweze kuuza hisa mtandaoni chini ya uangalizi wa serikali.

Kwa sisi wa Burundi, nchi yetu haimo katika orodha ya nchi ambazo mtu anaweza kufungulia mradi Kickstarter au kupokelea fedha za GoFundMe. Kwa hiyo wengi hutumia njia mbili. Ya kwanza ni grupu la WhatsApp na kupokea kwa Lumicash au EcoCash. Ya pili ni kumwomba ndugu aliye ng'ambo afungue mchango kwa jina lake, kisha atume. Huyo wa ng'ambo kisheria ni wakala, na fedha iliyo mkononi mwake ni amana. Aandikiwe wazi: anapokea kwa niaba ya nani, atakata gharama zipi, na atatuma lini. Aya ya 58 ya Surat an-Nisaa imeamrisha amana zirudishwe kwa wenyewe, na undugu hauondoi amri hiyo.

3. Je, ni kuombaomba?

Wapo wanaoona haya, na haya yao ina asili. Katika hadithi ya Qabisa (r.a.) aliyoipokea Muslim, Mtume (s.a.w.) aliwataja watatu tu wanaohalalishiwa kuomba: aliyebeba dhamana ya deni ili kupatanisha watu, aliyepatwa na balaa lililoteketeza mali yake, na aliyefikwa na ufukara ambao watu watatu wenye akili katika jamaa zake wanaushuhudia.

Lakini angalia: hadithi hiyo inazungumzia kuomba upewe. Anayeomba mkopo atakaoulipa, au anayetafuta mshirika, au anayeuza kabla ya kutengeneza, huyo yumo katika muamala kama wafanyabiashara wengine. Mtume (s.a.w.) mwenyewe, kabla ya utume, alisafiri kwenda Sham na mali ya Bibi Khadija (r.a.) akaifanyia biashara. Mmoja ana mali, mwingine ana uaminifu na juhudi. Hakuna udhalili hapo.

Na hata maskini wa kweli alifundishwa njia ya mtaji. Anas (r.a.) amesimulia habari ya Ansari aliyekuja kuomba. Mtume (s.a.w.) aliagiza vitu viwili alivyonavyo nyumbani, kitambaa na chombo cha kunywea, akavinadi mbele ya masahaba. Mmoja akatoa dirhamu moja, mwingine akatoa mbili, akauziwa. Dirhamu moja ikanunua chakula cha familia, nyingine ikanunua shoka, na yule bwana akatumwa kukata kuni na kuziuza. Hadithi hii imo kwa Abu Dawud na Ibn Majah. Sanad yake imezungumzwa na baadhi ya wanazuoni wameidhoofisha. Tirmidhi ameipokea kwa ufupi na kuiita hasan. Mafunzo yake yanakubaliana na misingi mingine: kwanza tazama ulichonacho, gawa chakula na mtaji, na mambo yafanyike mbele ya watu.

4. Neno moja, mikataba minne

Kiswahili chetu kina neno tamu sana: mchango. Mtu huchangia harusi, huchangia msiba, huchangia mtaji, huchangia hata mada. Utamu wake ndio hatari yake, kwa sababu halisemi kama fedha itarudi au hairudi. Fiqhi inakutaka utoke ndani ya neno hilo na kuchagua moja kati ya haya manne.

*(a) Sadaka au zawadi.* Mtoaji ametoa na hadai kitu. Wewe huna deni, lakini una wajibu wa kutumia fedha kwa kazi uliyoitaja. Ukisema cherehani, usinunue simu. Kama lengo halikutimia, watoaji waulizwe: warudishiwe au fedha ibadilishiwe matumizi? Heri useme hilo mwanzoni. Mtoaji naye akumbuke aya ya 264 ya Surat al-Baqara, kwamba masimango huibatilisha sadaka.

Zaka ni mlango wa pekee. Ina wanaostahiki wanane waliotajwa katika Surat at-Tawba aya ya 60, kwa hiyo usiichanganye na michango mingine. Ila wengi hawajui kwamba Imam Nawawi, katika al-Majmu', ameeleza kuwa fukara mwenye ufundi hupewa cha kununulia vifaa vya ufundi wake, na mfanyabiashara hupewa mtaji. Mshonaji fukara anaweza kununuliwa cherehani kwa zaka, nayo ikawa milki yake kamili. Mwanafunzi ambaye wazazi wake wanajiweza asijipenyeze hapo.

*(b) Mkopo mwema, yaani qardh hasan.* Fedha itarudi kama ilivyo. Mkopeshaji akishurutisha nyongeza yoyote, hata ndogo, hata ikiitwa "shukrani", ni riba. Mkopaji akizidisha kwa hiari yake wakati wa kulipa, bila sharti wala mazoea ya kudaiana, inafaa; Abu Rafi' (r.a.) amesimulia, katika Sahih Muslim, kuwa Mtume (s.a.w.) alimlipa mtu ngamia bora kuliko aliyemkopa. Na mkopaji akiwa katika dhiki, aya ya 280 ya Surat al-Baqara imeamrisha apewe muda.

Kwetu sarafu ina neno lake. Mei 2023 Benki Kuu ya Burundi ilishusha thamani ya faranga: dola moja iliyokuwa karibu faranga 2,100 ikapanda kupita 2,800. Aliyekopa kabla ya hapo analipa nini? Majma' ya Fiqhi ya Kiislamu ya OIC, katika kikao chake cha Kuwait cha Desemba 1988, iliamua kwamba deni la sarafu hulipwa kwa mfano wake, si kwa thamani yake. Umekopa faranga, lipa faranga hizohizo kwa idadi. Umekopa dola, lipa dola. Kwa hiyo andika ni sarafu gani inayodaiwa. Bila hivyo, siku sarafu ikianguka mmoja wenu ataumia na atahisi amedhulumiwa.

*(c) Kuuza kabla ya kutengeneza.* Mzazi analipa leo, sare inatoka mwishoni mwa Agosti. Huu unafanana na utaratibu wa Kickstarter. Ibn Abbas (r.a.) amesimulia, katika Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) alipofika Madina aliwakuta watu wakilipia matunda mwaka mmoja au miwili kabla, akawaelekeza kuwa anayefanya hivyo afanye kwa kipimo kinachojulikana, uzito unaojulikana na muda unaojulikana. Hiyo ndiyo salam. Katika madhehebu ya Shafi'i, ambayo wengi wetu Afrika Mashariki tunayafuata, bei yote hulipwa palepale penye mkataba. Hanafi wana mlango wa istisnaa kwa kitu cha kutengenezwa kwa agizo, na Majma' iliukubali mwaka 1992 hata bei ikilipwa kwa awamu. Kwa vyovyote taja aina ya kitambaa, rangi, kipimo cha mtoto na tarehe. "Nitakushonea kitu kizuri" si mkataba.

Kwa mtu mwenye ufundi, naona huu ndio mlango mwepesi kuliko yote. Wazazi ishirini wakilipia sare mapema, kitambaa kimepatikana, na hakuna anayedai hisa wala riba.

*(d) Ushirika wa faida na hasara.* Mmoja akitoa mali na mwingine kazi, ni mudaraba. Wote wakitoa mali, ni musharaka. Sharti kubwa: faida igawanywe kwa sehemu inayojulikana, kama 40 kwa 60, na si kiasi maalumu cha fedha. Tuseme mwenye mali ametoa faranga 1,000,000, mmekubaliana yeye 40 na wewe 60, na faida halisi ni 300,000. Yeye anapata 120,000, wewe 180,000. Hasara ikitokea katika mudaraba bila uzembe wala khiyana, inakatwa kwenye mali yake, na wewe umepoteza jasho lako. Ukimwahidi "kila mwezi utapata 50,000 biashara ifanye isifanye", umetoka kwenye ushirika na kuingia kwenye riba, hata kama umeuita ushirika.

Anayetaka njia hii awe tayari kuweka daftari la mauzo na gharama. Bila daftari hakuna faida inayojulikana, na bila faida inayojulikana hakuna cha kugawana isipokuwa maneno.

5. Tulivyomalizana Muyinga

Baada ya simu ya kaka, maneno yalianza kupita pembeni. Baba mkubwa akatuita nyumbani kwake Muyinga, akamwita na shekhe mmoja mzee. Kaka alikuwa kwenye simu iliyowekwa sauti ya juu.

Shekhe akamwuliza, "Mwanangu, ulipotuma ulinuia nini?"

"Hisa, shekhe."

"Hisa ya ngapi kwa ngapi?"

Kaka akanyamaza. Shekhe akamgeukia dada. "Na wewe mwanangu, ulipokea kama nini?"

"Kama sadaka, shekhe."

"Aliyetoa alikuambia ni sadaka?"

Dada naye akanyamaza. Kisha mzee akanitazama mimi. "Wewe ndiye unayesoma dini chuoni?"

Nikasema ndiyo.

"Aya ya 282 ya Surat al-Baqara hamjaifikia?"

Nilitamani sakafu inifunike. Ile ndiyo aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, na yote inahusu kuandika madeni ya muda: mwandishi aandike kwa uadilifu, mwenye kudaiwa aseme mwenyewe, mashahidi wawepo, na watu wasichoke kuandika, deni liwe dogo au kubwa. Nilikuwa nimeihifadhi. Sikuwahi kuihusisha na simu yangu.

Shekhe alieleza kwamba mali haitoki kwa mwenyewe ila kwa namna aliyoikusudia, kwa hiyo haikuwa rahisi kuiita sadaka. Wala haikuwa rahisi kuiita hisa, maana hapakuwa na sehemu iliyotajwa wala upande wa pili ulioridhia. Vitabu vina hukumu za mudaraba iliyoharibika, lakini sisi hata kuwepo kwa mkataba wenyewe tulikuwa tunakugombania. Akatuita kwenye sulhu, ambayo Surat an-Nisaa aya ya 128 imeisifu kuwa ni kheri. Akapendekeza tuihesabu kuwa mkopo mwema.

Basi ikazuka ya sarafu. Kaka alikumbuka dola 300. Dada alikumbuka faranga 620,000, ambazo kwa bei mpya ya benki zilikuwa kama dola 217. Kama ni dola 300, dada angetafuta zaidi ya faranga 850,000. Kila mmoja alikuwa na haki ya kuogopa. Mwisho kaka alikubali kwamba kilichofika mkononi mwa dada ni faranga, na ndizo zitakazorudi. Alikubali, lakini nilisikia katika sauti yake kwamba imemgharimu.

Dada alilipa faranga 62,000 kila mwezi kwa miezi kumi. Sare ya mtoto wa jirani ilishonwa. Wachangiaji wengine niliwapigia mmoja mmoja kuwauliza walinuia nini, na wote waliobaki walisema ni sadaka. Niliandika jibu la kila mmoja kwenye daftari, mwaka mzima baada ya siku niliyopaswa kuliandika. Pamoja na malipo ya mwisho dada alimshonea kaka kanzu, bila sharti wala ahadi, akampa msafiri aipeleke. Ilipokelewa kwa shukrani. Lakini simu kutoka Kanada hazijarudi kuwa nyingi kama zamani, na hilo sina daftari la kulirekebishia.

6. Ujumbe ambao ningeandika leo

Ujumbe wa Lumicash au EcoCash unaonyesha kiasi na tarehe, lakini hauonyeshi mkataba. Mkataba unauandika wewe, kabla fedha haijatumwa. Chagua mlango mmoja. Ukifungua zaidi ya mmoja, kila mlango uwe na ujumbe wake na orodha yake. Kwa mfano:

*Kwa mkopo:* "Tunaomba mkopo mwema, usio na nyongeza, wa jumla ya faranga 900,000 kununua cherehani mbili. Deni litahesabiwa kwa faranga zilizopokelewa. Tutalipa kwa miezi kumi kuanzia Oktoba. Anayekubali ajibu: Nakopesha, na ataje kiasi."

*Kwa mauzo ya kabla:* "Sare moja ya mtoto, kitambaa cha kaki, kwa vipimo utakavyoleta, bei hii, yote ilipwe sasa, itachukuliwa tarehe 25 Agosti. Tusipoitoa, unarudishiwa fedha yako yote."

*Kwa sadaka:* "Fedha hii ni sadaka, hairudi na haina hisa. Ikipungua lengo, tutanunua cherehani moja badala ya mbili. Asiyeridhia atuambie, tumrudishie."

Mjibu kila mtu kwa maneno yanayotaja mkataba: "Nimepokea mkopo wako wa faranga 20,000." Hifadhi majibu. Weka daftari lenye jina, tarehe, kiasi, sarafu na aina ya mkataba, na pawe na watu wawili wanaoliona mbali na wewe. Kila mwezi toa taarifa, hata kama habari ni mbaya. Picha iwe ya karakana yenyewe, isiwe ya kuazima. Mtume (s.a.w.) alipoingiza mkono kwenye nafaka sokoni akakuta chini imelowa, alimkemea muuzaji kwa kuficha kasoro. Kuficha kasoro nyuma ya kioo cha simu ni kulekule.

7. Hitimisho

Ndugu msomaji, kuchangisha mtaji mtandaoni kunafaa, na kwa wengi wetu ndio mlango pekee ulio wazi. Benki inataka dhamana tusiyonayo, tena kwa riba. Ndugu, marafiki na Waislamu wa mbali wana moyo wa kutoa. Kinachowafukuza ni kutojua walichoingia. Ukiipa fedha yao jina tangu siku ya kwanza, umewalinda wao, umeilinda biashara, na umeulinda undugu, ambao ukivunjika hakuna grupu la kuuchangia.

Zoezi

1. Ndugu aliye Omani amekutumia riali 50 na kuandika, "Kwa ajili ya biashara yako." Utamwuliza nini kabla ya kuzitumia?
2. Mshirika anataka alipwe faranga 30,000 kila mwezi bila kujali faida. Muelezee tatizo, kisha mpe pendekezo linalokubalika kisheria.
3. Ulitangaza lengo la faranga 500,000 ukapata 200,000. Taja unachopaswa kufanya katika kila moja ya mikataba minne.
4. Fungua simu yako, tafuta ujumbe wa mwisho wa kuomba mchango ulioutuma au kuupokea, kisha uandike upya.